Swali Lisilo na Hapana

Baba yangu aliingia darasani kwangu amevaa koti lake la kufundishia, lile ambalo Mama aliapa kwamba lilishagawiwa zamani, akaenda moja kwa moja hadi dawati la nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwekea kiti cha wageni pale mbele, chenye mto. Hakukitazama hata. Alijipenyeza kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakagoma kuingia, akayageuza upande, kisha akatangaza kwamba asisumbuliwe na mtu, leo yeye ni mwanafunzi.

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kwa midomo tu.

Ili mnielewe, inabidi mjue Baba ni nani. Alifundisha hisabati katika shule hii hii, katika chumba hiki hiki, mpaka alipostaafu, na hata sasa akipita sokoni watu wazima wenye ndevu huficha sigara. Mji mzima unamwita Mwalimu bila kuongeza jina, utadhani hakuna mwingine. Mimi nilirithi somo lake na chumba chake, na nilirithi ubao wake pia, mpaka ulipong'olewa. Wanafunzi waliniita Bi Chaki kwa sababu sikuwahi kutoka darasani bila vumbi jeupe kwenye mkono wa gauni, na jina likanigandia hata baada ya chaki yenyewe kuondoka.

Asubuhi ile Baba hakuja kwa ajili ya hisabati. Wiki iliyotangulia, wazee wa mwalimu wetu wa kompyuta walikuja nyumbani kuniposa. Baba aliwapokea vizuri, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi barabarani, lakini jibu hakuwapa. Aliwaambia kwamba kwanza ataenda shuleni kumwona binti yake akifundisha kwa hizo mashine za kijana wao, na akishaona ndipo atasema. Kwa hiyo kati yangu na ndoa palikuwa na kipindi kimoja cha hisabati. Kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kuposwa kwa mtihani wa namna hii, ningependa tukutane tufarijiane.

Huyo kijana wao wanafunzi walimwita Waya. Alikuja shuleni mwanzoni mwa mwaka, mrefu, mpole, na hakuna siku aliyoonekana bila waya fulani, kama si shingoni basi mfukoni, kama si mfukoni basi anaufuata chini ya meza akiwa amepiga magoti. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa hapa hapa darasani pamoja na mafundi wawili, bisibisi mkononi, anafungua ubao wa Baba.

"Huo ubao unaupeleka wapi?" nilimuuliza. Salamu nilizisahau.

"Ukumbini, mwalimu. Hapa panakuja skrini."

"Na nani amekwambia nataka skrini?"

"Hakuna. Nimeambiwa nisikuulize, maana utakataa."

Alilisema kwa adabu kiasi kwamba sikupata pa kulishikia. Nikabaki nimesimama mlangoni na hasira yangu yote mikononi kama mtu aliyebeba mzigo akakuta mwenyewe hayupo nyumbani. Jioni nilipomsimulia Baba kwamba ubao umeng'olewa, aliacha kula. Alinawa mikono, akaenda kukaa nje. Kuanzia siku hiyo, kila jina la Waya lilipotajwa nyumbani, Baba alikuwa akisema "yule aliyening'olea ubao", na mimi nilikuwa naitikia kwa moyo mmoja.

Nilimnunia Waya muda mrefu. Mimi nikinuna hununa kwa bidii. Baada ya masomo walimu wote tulitakiwa kukaa kwenye chumba cha kompyuta atufundishe, nami nilikaa mwisho, mikono nimekunja, nikifurahia kila mashine ilipokwama. Mwalimu wa historia, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, alikuwa akikishika kipanya cha kompyuta kwa vidole viwili kana kwamba kitamng'ata. Leo hii ukitaka kumtoa kwenye skrini yake kengele ikilia, uende na watu. Anawatembeza watoto kwenye magofu ya dunia nzima, na anasema anajilaumu tu kwamba alizeeka mapema.

Aliyenivunja mimi hakuwa mashine. Waya alinikuta siku moja peke yangu nikisahihisha madaftari, akaniuliza swali moja la kawaida kabisa: ninajuaje kama wanafunzi wameelewa? Nikamjibu kwamba ninawauliza. Wanajibu nini? Wanajibu ndiyo, mwalimu. Wote? Wote. Hakubishana. Kesho yake alileta vishikwambi darasani kwangu, kila mwanafunzi kimoja, akanionyesha jinsi ya kutuma swali lenye majibu ya kuchagua, ili kila mtoto abonyeze jibu lake kimya kimya na mimi nione kwenye mashine yangu nani kasema nini. Nilikuwa nimetoka kuwafundisha hesabu za sehemu. Niliwauliza, "Tumeelewa?" wakaimba kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Kisha nikatuma swali. Zaidi ya nusu yao walikosa.

Nilikwenda stoo nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nawaona wale watoto mmoja mmoja, wale wa miaka yote, walioniambia ndiyo ili nisikasirike. Waya alinifuata. Ningekuwa mimi, ningesema nilikwambia. Yeye alikalia boksi la karatasi, akanyamaza mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Jana hukujua. Leo unajua. Hiyo ndiyo tofauti pekee."

Nikamtazama. Kumbe alikuwa na macho ya mtu anayesubiri bila kuchoka. Toka siku hiyo nikaanza kupata shida na kishikwambi changu mara kwa mara, shida ambazo zilikuwa hazitengenezeki ila baada ya saa za kazi, na yeye akawa anakuja kuzitengeneza huku akijua kabisa hakuna kilichoharibika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwalimu wa historia alianza kutuachia chumba huku akiguna. Mama aliniuliza siku hizi nacheka na nani kwenye simu. Baba peke yake ndiye hakuuliza kitu, na kutouliza kwake ndiko kulikoniogopesha.

Basi nirudi darasani.

Mada ilikuwa uwezekano. Nilianza na swali la dadu kupasha misuli moto, watoto wakajibu vizuri, nami nikavuta pumzi. Kiranja wa darasa, binti mwenye sauti ya kuamrisha, alimpelekea Baba kishikwambi cha akiba na kumwelekeza pa kubonyeza. Baba akabonyeza kwa nguvu kama anayepiga mhuri. Jibu lake likaja kwenye mashine yangu, na lilikuwa kosa. Nilitazama chini haraka. Kiranja, ambaye hakuumbwa kunyamaza, akamwambia kwamba amebonyeza herufi ya jirani, na Baba akasema kidole ndicho kilichokosea, kichwa kilikuwa sahihi, wakubali hilo. Darasa likampenda papo hapo.

Kisha nikatuma swali la sarafu. Sarafu imerushwa mara tatu, na mara zote tatu imeangukia upande wa kichwa. Je, mara ya nne itaelekea kuangukia upande gani: kichwa, namba, au uwezekano ni sawa? Nguzo za majibu zikaanza kupanda kwenye skrini, na ile ya upande wa namba ikapanda kuzizidi zote, mbali sana. Nikawauliza kwa nini. Wakasema, mwalimu, zamu yake imefika.

Zamani ningewaambia wamekosea na kuandika jibu. Sasa niliwaacha wabishane wawili wawili, na chumba kikawa kama soko. Wakati wanabishana nikapitisha macho kwenye mashine yangu, nikaona kwamba miongoni mwa wachache waliopata alikuwemo binti mmoja wa dirishani ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kumwona akinyoosha mkono. Nikamwendea, nikainama, nikamuuliza taratibu kama atapenda kuwaeleza wenzake. Akafikiri. Kisha akasimama, akashika ukingo wa dawati.

"Sarafu haina kumbukumbu, mwalimu," alisema. "Haijui kwamba imeanguka mara tatu. Sisi ndio tunajua."

Kule nyuma nikamsikia Baba akilirudia lile neno chini chini, haina kumbukumbu, kama mtu anayeonja kitu. Nilirusha swali lile lile tena, na safari hii nguzo zikageuka. Nilijisikia mwepesi. Nilimtazama Baba, yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama yule binti. Nikasema moyoni, tumeshinda, na kwa furaha hiyo nikabonyeza swali linalofuata bila kulisoma.

Lililotokea hapo ndilo kosa langu, na naomba nilieleze kabla hamjanicheka. Jana yake jioni, nikiandaa maswali, nilitakiwa kuyachagua moja moja. Kwa haraka na woga nikachagua fungu zima. Na ndani ya fungu lile lilikuwemo swali moja ambalo sikulitunga mimi na ambalo sikuwa na moyo wa kulifuta. Waya aliliandika siku aliyokuwa akinifundisha kutunga maswali. Alisema huu ni mfano tu, akalituma kwenye kishikwambi changu, kisha akaanza kukagua soketi ya ukutani ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Sasa lilikuwa kwenye skrini, kwa herufi kubwa kuliko nilivyozikumbuka.

BI CHAKI, UTAKUBALI KUOLEWA NA WAYA?

A. Ndiyo.

B. Ndiyo, ila tumuulize Baba kwanza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikabonyeza kila nilichokiona, na kama mjuavyo mashine, ukiibonyeza kwa hofu nayo hukwama kwa makusudi. Watoto walichelewa kuelewa kwa muda wa kupepesa jicho, halafu chumba kizima kikalipuka. Vidole vikaanguka juu ya vishikwambi. Nguzo ya A ikapaa hadi juu kabisa ya skrini. Ile ya B ikabaki kibanzi, nadhani ni wale wenye baba wakali.

"Wengi wape, mwalimu," kiranja alisema, na nyuma yake darasa zima likaanza kuimba wengi wape, wengi wape, huku wakigonga madawati.

Ndipo nikaona mkono. Kule nyuma kabisa, Baba alikuwa amenyoosha mkono, umenyooka barabara, kama alivyotufundisha sisi sote. Madawati yakanyamaza moja moja.

"Ndiyo, Baba," nilisema.

"Hisabati haiendi kwa wengi wape," alisema. Akasimama, jambo lililochukua muda kwa sababu ya yale magoti. "Na swali hili lina kasoro. Lina majibu mawili na yote ni ndiyo. Hilo si swali, hiyo ni amri."

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo, na Waya akaingia akihema, waya mrefu wa mtandao unamburuzika nyuma. Alikuwa kwenye chumba chake, akaona kwenye kompyuta yake swali gani limetumwa kwa darasa zima, akakimbia bila kukumbuka kuacha alichoshika. Aliniona mimi kwanza. Alinitazama kwa namna ambayo, hata katika aibu ile, ilinipasha joto mpaka masikioni, maana alikuwa ananiuliza kwa macho kama nimeumia. Kisha akamwona Baba amesimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtunzi?"

Waya akatazama skrini. Angeweza kusema ni utani, ni jaribio, ni kosa la mashine, na sote tungemshukuru.

"Ndiyo, Mzee. Ni mimi."

"Mwalimu mwenye cheti cha ualimu, unatunga swali la kuchagua, hapana haimo. Kwa nini?"

"Niliogopa, Mzee."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kwamba ikiwepo, huenda ataichagua."

Wasichana wa safu ya mbele wakatoa mguno mrefu. Baba alivua miwani akaifuta, na mdomo wake ukacheza pembeni kidogo sana. Mimi na Mama peke yetu duniani ndio tunaojua maana ya kule kucheza, lakini wakati ule niliogopa kuamini. Akaivaa miwani, akanigeukia mimi.

"Ongeza C. Andika hapana."

"Baba..."

"Mwalimu, mwanafunzi ameona kasoro kwenye swali. Rekebisha."

Nikarekebisha. Sijawahi kuandika neno zito kama lile. Herufi zilikuwa zinaingia kwenye skrini moja moja mbele ya mwanamume ninayempenda, naye alisimama mlangoni akizisoma zikiingia, hakuondoa macho. Nilikuwa na uhakika kwamba Baba anaandaa mahali pa kuweka jibu lake. Nilishaanza kufikiria nitakavyomwambia Mama, na nitakavyopita kila siku mbele ya chumba cha kompyuta, na kama inawezekana mtu kuomba uhamisho katikati ya muhula.

"Futa majibu ya hawa wote," Baba alisema. "Na ninyi, wekeni vifaa chini, mikono juu ya meza." Mikono ikapanda juu ya meza, na wa Waya pia ulijaribu, ila hakuwa na meza. "Sasa nikuulize. Siku alipokuletea swali hili, ulijibu nini?"

"Nilijibu B, Baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni baba yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuja mbele, akipita katikati ya madawati kama alivyokuwa akipita mimi nikiwa mdogo, nikiwa nimeketi humu humu.

"Heshima yako nimeipokea," alisema. "Lakini wazee wa huyu kijana walipokuja niliwauliza, binti mwenyewe anasemaje? Wakasema anasema atakavyosema baba yake. Usiku huo nikakuuliza wewe. Ukanijibu, utakavyoona, Baba. Nikamtuma mama yako akuulize, ukamwambia hivyo hivyo. Nikaona nije huku shuleni, labda huku nitalipata jibu lako, maana nyumbani limenishinda."

"Nilidhani umekuja kumkagua yeye."

"Nilikuja kwa hilo pia. Ubao wangu uliniuma, sitakudanganya. Nilikuja na maneno yangu yote nimeyapanga." Akasimama karibu na dawati la yule binti wa dirishani. "Nimefundisha katika chumba hiki umri wa mtu mzima. Kila siku nimeuliza, tumeelewa? Nikajibiwa ndiyo. Nikarudi nyumbani nimeshiba ndiyo. Leo nimekaa pale nyuma, nimeona ndiyo ngapi zilikuwa za adabu tu. Na huyu mjukuu wangu hapa, ambaye mimi ningemaliza miaka bila kusikia sauti yake, ndiye aliyekuwa na jibu."

Akagonga ukingo wa dawati lile kwa kidole, kisha akanigeukia mimi.

"Sasa na wewe mwanangu unanipa ndiyo ya adabu," alisema. "Siitaki. Siwezi kukuozesha kwa ndiyo ya adabu, wala siwezi kukunyima mtu kwa utakavyoona, Baba. Mimi nitakufa siku moja, utabaki na huyu mtu. Ukikosana naye asubuhi utasema Baba ndiye aliyechagua? Majibu yote matatu yapo pale. Hata C ipo, na ukiichagua tutarudi nyumbani wote wawili tukanywe chai, na hakuna mtu atakayekusema mbele yangu. Jibu lako mwenyewe, mwalimu. Usichungulie kwangu."

Mnajua, nilikuwa nimejiona binti mwema. Wiki nzima nilimlaumu Baba moyoni kwa kunikalia kimya, nikilia kwenye mto kwamba hataki niwe na furaha, wakati yeye alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta akisubiri nifungue mdomo. Mimi niliyekuwa nawaambia watoto kila siku kwamba kukosea si dhambi, dhambi ni kunyamaza, ndiye niliyekuwa nimekaa dirishani kuliko wote.

Nikamtazama Waya. Hakutabasamu kunisaidia, hakutikisa kichwa, hakufanya chochote. Alikuwa ameukunja ule waya mkononi mpaka ukamwachia alama vidoleni. Nilimwona kama alivyokuwa stoo, amekalia boksi, anasubiri, na nikajua kwamba hata nikibonyeza C atasema ahsante, mwalimu, atageuka na kwenda, na kesho atakuja kunitengenezea skrini bila kunung'unika. Mtu wa namna hiyo unamwacha aende wapi?

"Nampenda, Baba," nilisema. Nililisema kwa sauti ya kufundishia, ile inayofika nyuma, kwa sababu sikuwa na nyingine. "Sikuliogopa jibu. Niliogopa kukuumiza. Nampenda, na ungesema hapana ningekutii, halafu ningekasirika na wewe maisha yangu yote na nisikwambie. Sasa nakwambia. Namtaka yeye."

Nikabonyeza A.

Kwenye skrini tupu ikapanda nguzo moja, peke yake, ikaenda mpaka juu. Safari hii watoto hawakulipuka. Walikaa na mikono yao juu ya meza wakitazama, wengine midomo wazi, na yule kiranja, wa kuamrisha, alikuwa anajifuta machozi kwa kola ya shati. Waya alifunika macho yake kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, na mpaka leo anabisha kwamba alikuwa anacheka.

Baba aliitazama ile nguzo kwa muda, kama anavyotazama hesabu ya mtu mwingine kutafuta mahali ilipovunjika. Hakupaona. Akarudi zake nyuma, akajipenyeza tena kwenye lile dawati, akapambana na magoti yake mpaka yakaingia. Alikichukua kishikwambi chake akakiweka sawa mbele yake. Kisha akaona kwamba Waya bado amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke, na darasa zima limemgeukia yeye badala ya kunigeukia mimi. Baba akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki kwenye benchi, pembeni yake.

"Mwanangu, njoo ukae," alisema. "Mwalimu anafundisha."